Pompe chini ya kitanda

Kila asubui Ketsia anafagia lupango, kiwanja ya nyumba yao, anaosha sahani, anaenda ku masomo pale muji wa Baraka. Siku ile mwalimu Casimir alifundisha juu ya nyota.

"Mwalimu, nyota ya kwanza, nani aliiwasha?"

"Mama yako, na kiberiti!" Dany, mwanafunzi mwenzake, akasema. Batoto bakacheka.

"Hakuna muntu," mwalimu akajibu. "Ni gesi, mingi sana. Uzito yake yenyewe inaifinya, inaifinya. Gesi ikifinywa inapata joto. Ikifika mamilioni ya digrii, vipande vyake vidogo vinaungana. Njo nyota inawaka."

Ketsia hakuamini. Joto bila kiberiti?

Baba yake, Henri, anabebaka ndagala, samaki ndogo za kuuza, na kinga yake, baiskeli ya zamani, mpaka Fizi. Hakuna muntu mwingine anaruhusiwa kugusa pompe yake ya kujaza hewa. Alipotoka masomo, Ketsia aliikamata. Akaziba tundu na kidole, akasukuma. Kumi. Makumi tatu. Makumi tano. Pompe ikamuchoma.

Mwalimu alisema kweli! Sasa kama joto inaendelea kupanda mpaka iwake kama nyota? Akasikia baba anakuja. Akasukumia pompe chini ya kitanda, akatoka mbio.

Pale inje njo akakumbuka: juu ya kitanda, mudogo wake Merveille amelala. Mutoto ya miezi tatu.

"Ketsia, pompe yangu iko wapi? Pine ya kinga haina hewa, ndagala itaoza."

"Sijui, papa."

Akisema, fimbo. Akinyamaza... Ndani ya nyumba Merveille akapiga kelele.

"Papa, toa mutoto! Niliweka nyota chini ya kitanda!"

Henri hakuuliza. Aliruka ndani, akarudi na mutoto kifuani. Merveille alikuwa na njaa tu. Kisha akavuta pompe, akaigusisha kwa shavu ya Ketsia. Ilikuwa baridi.

"Nyota yako njo hii? Kila siku inanichomaka. Ukifinya hewa, inapata joto. Ukiacha, inapoa. Kuwasha nyota, we na mukono yako utaweza?"

Ketsia akalia.

"Kuuliza ni muzuri. Kujaribu pia, ukiomba kwanza. Lakini uliniambia 'sijui', na mutoto alikuwa pale. Kama ingekuwa hatari ya kweli? Ukiogopa, sema mbio. Fimbo inapita. Mutoto akikufa, harudi."

Akamupa pompe.

"Sasa jaza hii pine. Ikikuchoma, usikimbie."