Sauti Iliyotangulia Herufi

Jumanne, saa kumi na robo alasiri, mtoto alitamka silabi ambayo mama yake alikuwa hajaifikia.

Mama mtu alikuwa mtunzaji wa vyombo vya kale kwenye jumba la makumbusho. Mtungi uliokuwa mezani kwake ulizungukwa na maandishi ya Kigiriki, na nusu yake bado ilikuwa chini ya ukoko wa matope. Wagiriki wa zamani hawakuacha nafasi kati ya neno na neno. Ukitaka kujua neno linaishia wapi, unasoma kwa sauti, unarudia, mpaka sikio likate lenyewe. Basi alikuwa akisoma kwa sauti, na binti yake, ambaye nyumbani walimwita Kasuku, alikuwa chini ya meza akimwiga kama kawaida yake.

"Umesema nini, mwanangu?"

"Ulichosema wewe."

"Mimi sijasema kitu."

"Basi kasema wa ndani."

Mama akalowesha matope kwa brashi, akayafuta. Silabi ilikuwepo. Mtungi ukatoa harufu ya kisima kilichofunikwa miaka.

Jioni Kasuku hakula. Alilala chali, macho wazi, akisoma Kigiriki kwa sauti nzito isiyovuta pumzi.

"Mtoto wa homa namjua," bibi yake alinong'ona. "Huyu ana mtu. Anasema nini?"

Mama akasikiliza. Sikio likakata maneno, naye akayatafsiri. "'Atakayenisoma hadi mwisho, sauti yake ni yangu.'"

"Amebakiza kiasi gani?"

"Sijui, mama. Mwisho uko chini ya matope."

"Sasa umesimama unangoja nini? Miaka yote ile ya chuo, leo ndiyo siku yake. Nenda ukamalize wewe kabla yake."

Alikimbia hadi makumbusho, akafungua chumba cha kazi, akaiweka simu mezani ikiwa hewani ili asikie mtoto amefika wapi, akaanza kulainisha matope kwa pamba, herufi moja, nyingine, huku ile sauti ikimtangulia kwa neno zima, kisha kwa nusu ya neno, na bibi akinong'ona kwenye simu kwamba midomo ya mtoto inabadilika rangi, naye akaitupa pamba, akakwangua kwa kucha, jambo ambalo hakuwahi kukifanyia chombo chochote tangu aanze kazi, akauona ukingo ambapo maandishi yanakoma, akazisoma herufi za mwisho kwa pumzi moja, kabla ya mtoto.

Simu ikanyamaza. Halafu: "Bibi, nataka maji."

Alifungua kinywa amwite mwanawe. Hakikutoa hata mkoromo.

Asubuhi alimchana Kasuku nywele, akamfunga viatu. "Mama, umenuna?" Akatikisa kichwa. Akawahi kazini kabla ya wenzake, akayeyusha nta.

"Umekuja peke yako?" mtungi ukamuuliza, kwa sauti ya mama mwenyewe, ile ya kumbembelezea Kasuku. "Mlete mtoto. Nina hamu naye."

Akauinua mkebe wa nta. Ndani ya mtungi sauti ikaanza kulia, kilio kilekile alichomlilia baba yake msibani, kikimsihi amhurumie.

Akamimina mpaka kikanyamaza.