Joho la Mihayo

Zamani zile, pembe za ndovu zilipokuwa zikisafiri mabegani mwa wanaume kutoka Unyamwezi hadi pwani, rangi ya nguo haikuwa pambo. Mpagazi alivaa merikani nyeupe, nayo ikageuka rangi ya vumbi kabla ya kambi ya kwanza. Wanawake walivaa kaniki nyeusi. Joho jekundu lilikuwa la mtu mmoja tu, kirangozi, atanguliaye msafara. Hakuna aliyethubutu kupita mbele yake, na joho lake lilipoanguka, wapagazi walitupa mizigo wakatimua mbio, kila mtu na roho yake.

Mihayo alikuwa kirangozi tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Alilipenda joho lake, tusifichane. Mvua ikinyesha alilikunja akalifunika, akakubali kulowa yeye.

Katika safari moja ya kurudi walikuta njia ya Mlima Ikwanga imezibwa na wapiganaji wa Mtemi Lugoma, mtawala wa nchi ile. Misafara miwili ilikwisha kuangamia pale kwa namna ile ile: mishale ilimwelekea mwenye jekundu, akaanguka, watu wakatawanyika wakatekwa.

"Baba Nyanzala," mkewe Kalunde, aliyefuatana naye safarini, alimwambia, "wale hawakutafuti wewe. Wanatafuta joho."

"Mimi na joho tuna tofauti gani?"

"Mimi nimeolewa na mmoja wenu tu."

Mihayo akalivua joho. Walilitundika juu ya mti mkavu kwenye kilele cha kilima cha jirani, na kilemba chake cha manyoya ya ndege juu yake, wakawasha moto wa moshi mwingi chini, ili wapiganaji wadhani msafara umepiga kambi pale. Yeye akajitanda kaniki ya mkewe ili asionekane katika mawe meusi ya korongo la mto, walikokusudia kupenya.

Wapagazi wakagoma. "Tumfuate nani?" aliuliza Masanja, mkubwa wao. "Mwanamume mwenye kaniki?"

"Fuata kisogo hiki, Masanja. Umekitazama tangu ujana wako."

Masanja akaguna, akajitwika mzigo wake. Wengine wakafuata.

Walipokuwa wamekwisha kupita walisikia wapiganaji wakishangilia huko juu: joho limeangushwa. Mihayo hakugeuka, lakini Kalunde aliona mabega yake yakishtuka. Alimhurumia sana.

Msafara ulifika nyumbani salama, hakupungua mtu. Ila walinzi wa kijiji walitazama mbele wasione jekundu, na kwa desturi yao hilo lilikuwa na maana moja. Ngoma ya msiba ikapigwa. Mihayo aliingia kwake akamkuta bintiye Nyanzala chini, amejimwagia majivu.

"Unamlilia nani, mwanangu?"

"Baba yangu," alijibu bila kuinua uso. Kisha akaitambua sauti, akazidi kulia.

Mtemi wao alimletea joho jipya. Mihayo alilishika, akalipapasa, akamvika Masanja. Alisema yeye amekwisha kuliliwa msiba.

Miaka ikapita. Waimbaji waliupenda wimbo uliotungwa siku ile ya msiba, wa kirangozi aliyekufa Ikwanga ndani ya jekundu lake, na kaniki hawakuitaja. Mihayo hakuwasahihisha. Wimbo ulipoimbwa alikaa kando ya Kalunde, ile kaniki, sasa imechujuka, ikiwa magotini pake, akauitikia kwa sauti ya chini. Na machozi yalimtoka kwa ajili ya yule aliyekufa.