Magurudumu ya Mkongo

Kilichoanza ni uji. Modesta alimletea mumewe bakuli la uji wa asubuhi, akaliweka juu ya meza ya kazi, pembeni ya magurudumu mawili mapya yaliyokuwa yamelazwa hapo tangu jana yake. Mara akaona uji unatetemeka. Hauchemki, haumwagiki, unatetemeka tu, vijiduara vidogo vinatoka ukingoni vinakimbilia katikati. Treni ya Dar es Salaam ilikuwa imeondoka tangu alfajiri, na hapakuwa na mtu anayegonga nyundo.

"Baba Theresia, hebu tazama."

"Nitazame nini? Uji?" Lukasi hakuinua hata uso. "Nyie watu wa milimani mtakufa kwa woga. Mkimaliza kuogopa vivuli, mnaanza kuogopa vyakula."

Nyie watu wa milimani! Utadhani yeye alizaliwa Udachi kwa Wajerumani. Lukasi alikuwa Mluguru kama mkewe, mama yake amezikwa kule juu, na mjomba wake Mloka ndiye mlinzi wa makaburi ya ukoo. Lakini mapadri walimchukua mdogo, wakamfundisha mbao na chuma, na ule ufundi ukampanda kichwani. Kwamba alikuwa fundi, hilo tusimnyime. Mikono yake ilikuwa imetulia kiasi kwamba angeweza kuchora duara bila bikari. Basi ndiyo hiyo mikono ikawa dini yake. Asiye na mikono kama ile, kwa Lukasi, alikuwa takataka.

Hayo magurudumu yalikuwa ya gari la Bwana Mashavu, Mjerumani mwenye shamba la mpira kule Kihonda, mtu wa tumbo kubwa na akili ya kubahatisha. Gari aliliacha bandani masika nzima, mchwa wakala njiti za mbao za magurudumu ya mbele mpaka zikawa unga. Akaagiza mipira mipya kutoka kwao, ikaja kwa meli na kwa treni, inanuka dawa. Mbao za magurudumu akamwachia Lukasi.

Lukasi alitaka mkongo, mbao ngumu isiyopinda. Mkongo mzuri aliujua mmoja tu, ule uliosimama kwenye kijisitu cha makaburi ya ukoo wa mama yake. Kila Mluguru anajua mti kama ule haukatwi hivihivi. Unakwenda na mjomba, unaweka unga wa mtama kwenye shina, unasema shida yako. Halafu unapanda mche kando yake kwa mikono yako mwenyewe, unamwambia anayekaa mle: nyumba yako mpya hii hapa. Ndipo unashika shoka. Lukasi alipanda mlimani na wapasua mbao wanne wa shamba siku ya gulio, watu wote wakiwa wameshuka sokoni, akauangusha kabla ya jua la utosi.

Wakati wa kushuka alimkuta mjomba wake amekaa juu ya jiwe njiani. Hakumwamkia. Mtu mzima na akili zake, anampita ndugu wa mama yake kama anapita kisiki!

"Umempa pa kwenda?" Mloka aliuliza taratibu.

"Nimpe nani? Mti hauna mwenyewe, mjomba. Wenye mali siku hizi wako bomani."

Mzee akabaki kuzitazama zile mbao zikishuka.

Basi Jumatano, baada ya ule uji, magurudumu yakafungwa. Dereva alikuwa Ahmadi, mtu wa Bagamoyo, mwenye kofia safi na maneno mengi. Walipotoka nje ya mji na kushika njia ya Ngerengere gari lilikwenda vizuri, na Lukasi aliyekaa kando alikuwa ameshaanza kujisifu. Ahmadi akaongeza mwendo. Hapo usukani ukaanza.

"Fundi, unaona?" Ahmadi alisema. "Unatetemeka."

"Ni wewe unayetetemeka. Sogea."

Lukasi akaushika mwenyewe. Mtetemeko ulianzia kwenye vidole, ukapanda viwiko, ukaingia mabegani mpaka meno yakagongana. Akapunguza mwendo, ukatulia. Akaongeza, ukarudi palepale.

"Injini haina kosa," alisema, na kwa kweli alifurahi, maana alipenda kuonekana anajua. "Ingekuwa injini, ungetetemeka hata tukiwa tumesimama. Huu unafuata mwendo. Ni magurudumu, hayakukaa sawa. Kazi ya nusu saa."

Nusu saa! Walirudi bandani wakamkuta Bwana Mashavu anawasubiri. Naye akaendesha mpaka mtoni na kurudi, akashuka uso umemwiva.

"Jumamosi Bwana Mkubwa wa serikali anakuja na treni," alisema. "Mimi nitampokea stesheni na gari hili. Usukani ukitikisika, wewe utalala chini palepale stesheni, hamsa ishirini. Watu wote wataona. Umesikia, fundi wa uji?"

Sijui neno la uji alilitoa wapi. Viboko ishirini na tano vinauma, lakini si maumivu yaliyomtisha Lukasi. Kilichomtisha ni wale watakaotazama: wapagazi aliowaita ng'ombe, wauza mboga aliowakataza kukanyaga kizingiti cha karakana, maseremala wengine aliowaambia mbele za watu kwamba hawajui hata kuchonga mwiko. Wote hao wangemwona amelala kifudifudi, makalio juu. Afadhali kufa.

Basi akaanza kazi. Akakaza nati zote, akazifungua, akakaza tena kwa kupishanisha. Akatoa magurudumu, akafuta vitovu vyake, akakuta kibanzi cha mbao kimebanwa nyuma ya kimoja. Akacheka peke yake. Wakajaribu, usukani ukatetemeka vilevile. Akaliinua gari juu ya magogo, akazungusha gurudumu huku ameshika chaki karibu na ukingo, maana gurudumu lililopinda litagusa chaki upande mmoja na kukwepa upande mwingine. Chaki ikachora mstari mmoja, mzuri, mzima. Halikupinda.

"Basi kuna upande mzito," alisema.

"Utaujuaje?" Ahmadi aliuliza.

"Kwenu Bagamoyo kitu kizito kinakwenda wapi kikiachiwa? Si kinakwenda chini? Nalizungusha, naliacha lisimame lenyewe. Upande utakaokuwa chini ndio mzito. Nagongomelea kipande cha madini ya risasi upande wa pili, mizani inakaa. Tazama ujifunze."

Akalizungusha. Lilizunguka, likapunguza, likasimama. Akaweka alama ya chaki chini, akagongomelea kipande cha risasi upande wa juu, kwenye njiti iliyokuwa na kifundo cheusi. Akazungusha tena. Sasa ule upande wenye risasi, kama dunia ni dunia, ulitakiwa ama utulie popote, ama ushuke. Ulipanda. Njiti ya kifundo cheusi ilisimama juu, imeinama kidogo kuelekea dirishani. Akaongeza risasi. Ikapanda. Akaongeza nyingine, akaongeza mpaka kipande kikawa kikubwa kama ngumi, na mchana ule mweupe, jua likiwa limejaa bandani, Lukasi alisimama akilitazama gurudumu likizunguka polepole, polepole zaidi, mpaka lilipokaribia kusimama akaona ile risasi yote inapanda upande wa pili kama mtu mzima anayepanda mlima na mzigo kichwani, bila haraka, bila kuteleza, mpaka ikafika juu, ikainama kuelekea dirishani, na dirisha lile lilitazama milima ya Uluguru.

Wakaligeuza gari, mkia ukaja ulikokuwa uso. Akazungusha, njiti ikasimama. Safari hii iliinama upande mwingine, upande ambao sasa ndio uliotazama mlima.

Hapo ndipo harufu ilipoingia, harufu ya udongo mbichi uliotoka chini sana, ule wa shimo lililochimbwa asubuhi kwa ajili ya mtu. Na sauti, nyembamba, kama mtu anavumisha wimbo huku amefunga midomo.

"Fundi," Ahmadi alinong'ona, "hili ni jini. Mimi mtoto wa pwani, namjua."

"Wewe unawajua majini kuliko unavyoijua breki. Nyamaza." Lukasi akalishika gurudumu lisizunguke. "Lete spana. Nayahamishia nyuma. Kosa likiwa kwenye magurudumu, usukani utatulia, na kiti ndicho kitakachotetemeka. Hiyo ni hesabu, haina jini."

Wakahamisha. Ya nyuma yakaja mbele, ya mkongo yakaenda nyuma. Walipomaliza, Ahmadi alikuwa anafuta mikono kando ya mlango, injini imezimwa, hakuna mtu ndani ya gari wala mwendo wowote wa kulaumu. Usukani ukaanza kutetemeka wenyewe. Ahmadi akatupa kitambaa, akatoka mbio mpaka kofia ikamdondoka. Lukasi alibaki, na ule wimbo wa midomo iliyofungwa uliendelea, ukipanda na kushuka, na kadiri alivyousikiliza ndivyo alivyoutambua, kwani ulikuwa wimbo ambao mama yake alimbembelezea mgongoni wakati wa kupanda mahindi, kabla ya mapadri, kabla ya chuma, na anayeuimba hakuwa mama yake.

Ijumaa asubuhi akapanda mlima. Modesta alimfungia unga wa mtama kwenye kitambaa. Lukasi akaubeba kwa vidole viwili, kama kitu cha aibu.

Alipofika juu, saa za mchana, ukungu ulikuwa umeshuka, mnene, mashamba ya maharage hayaonekani. Mloka alikuwa kwenye kisiki cha mkongo tayari, kana kwamba waliahidiana.

"Shikamoo, mjomba," alisema Lukasi. Neno lilimtoka kwa shida.

"Marahaba, mpwa wangu. Anakusumbua?"

"Bwana atanipiga kesho. Kiambie hicho kitu chako kitoke kwenye gari."

"Si changu. Na kumtoa si kazi. Alikuwa ndani ya mti, mti umekuwa gurudumu, naye kaenda nao, angebaki wapi? Anataka nyumba tu." Mzee akamwaga unga kwenye kisiki, akanena maneno machache, kisha akafunua jani la mgomba. Ndani yake mlikuwa na mche wa mkongo, mfupi kama kiganja. "Panda hapa, mwenyewe, kwa mikono yako. Shika taratibu, mizizi isitikisike, maana ikitikisika leo, kesho mche umekufa. Halafu mwambie: kwako ni hapa."

Lukasi aliutazama ule mche. Magoti yake yalikuwa kwenye tope, suruali ya mapadri imechafuka, na mzee asiyejua kupiga hata msumari anamfundisha yeye kutumia mikono. Dharau yote aliyoimeza tangu Jumatano ikamrudi kooni.

"Nimekuja kutoa kitu kwenye gari, sikuja kulima," alisema, akautupa mche juu ya majani. "Akae popote anapotaka! Mradi isiwe kwenye gari la Bwana."

Ndege walikuwa wanalia mle msituni. Wakanyamaza wote kwa mara moja.

"Umesema?" Mloka aliuliza, na sasa alikuwa ananong'ona.

"Nimesema."

"Basi amekusikia. Nenda nyumbani, mwanangu."

Lukasi alishuka anacheka.

Na kweli, Jumamosi usukani ulitulia kama maji ya mtungi. Bwana Mashavu alimchukua Bwana Mkubwa stesheni, akamzungusha mji mzima kwa mwendo wa kutisha, akarudi mashavu yanameremeta. Lukasi alisimama kati ya wapagazi, kifua mbele. Bwana akamwita mbele ya watu, akasema Bwana Mkubwa naye anataka magurudumu kama yale. Jumatatu aanze.

Jumatatu akashika patasi. Alipochonga polepole, mkono ulitulia. Akaongeza kasi kidogo, na ule mtetemeko, uleule, akaujua kabla haujafika viwikoni, ukaanza kwenye vidole na kupanda mpaka meno yakagongana. Akapunguza, ukatulia. Akaongeza, ukarudi palepale. Patasi ikaruka, ikapasua mbao. Akajaribu tena mchana, akajaribu Jumanne, na kila alipoacha mikono yake ilegee juu ya meza, viganja viligeuka vyenyewe, taratibu, vikatazama dirishani.

Bwana Mashavu akasema Lukasi amelewa. Akalazwa palepale stesheni, hamsa ishirini, na wauza mboga wote wakaja. Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyemsikitikia. Ahmadi alipita na gari, vidole viwili tu juu ya usukani.

Modesta ndiye humlisha sasa. Uji akimpa ashike, unamwagika. Na kila mvua zikianza Lukasi hupanda mlimani kupanda mche, kwa mikono yake, kama alivyoambiwa. Mloka keshafariki, hakuna wa kumsaidia maneno. Ameshapanda mingi. Mizizi inatikisika akiishika, na baada ya siku mbili mche ni ukuni.

Wa mwisho ulikuwa na majani mawili. Modesta alikwenda naye, akamshika viwiko kwa nguvu zake zote, wakausimamisha pamoja kando ya kisiki. Ukakaa wima. Lukasi akashindilia udongo, akapiga magoti, akaliambia kaburi, au kisiki, au chochote kilichokuwa pale, kwa sauti ya chini sana: "Shikamoo. Kwako ni hapa."

Akaondoa mikono, akarudi nyuma hatua tatu. Hapakuwa na upepo. Yale majani mawili yakaanza kutetemeka.

Modesta akamtazama mikono. Ilikuwa inatetemeka bado, sawasawa na yale majani.