Bolti ya Nane

Duka la vipuri lilikuwa limejaa watu hadi mlangoni, kila mmoja ameinua kipuri chake kibovu akipiga kelele apewe kama hicho. Kwenye kaunta ilibaki tyubu moja tu ya silikoni, na mikono miwili ikaidaka kwa mpigo.

"Samahani dada, hiyo si gundi ya viatu," alisema mwanamume mmoja mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi kupita kiasi kwa mtu wa malori.

Mwanamke hakuachia. Alivaa gauni la maua madogo, na juu yake koti la bluu la kazi lenye madoa ya oili ambayo sabuni ilishayakatia tamaa. Kucha zake zilikuwa nyekundu.

"Na wewe kaka unaitakia nini? Kubandikia masharubu?"

Kaunta nzima ikacheka, na mwanamume mwenyewe akacheka.

"Giaboksi ya lori letu inafungwa upya. Nimeambiwa nimpelekee fundi mmoja anaitwa Kucha."

"Basi mpe Kucha silikoni yake," mwanamke akasema, akimwonyesha kucha zake nyekundu, akamnyang'anya tyubu na kuondoka.

Mwanamume huyo, dereva wa lori, watu walimwita Taratibu, kwa jinsi anavyoendesha. Lori lilikuwa la mjomba wake, aliyemlea tangu ana miaka sita, na kwa mjomba huyo sifa kubwa ya binadamu ilikuwa uangalifu. Gereji ilikuwa ya baba yake Kucha. Wiki nzima giaboksi, propela na difu, vyote vya kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, vilitandazwa sakafuni, vikasafishwa, vikapangwa, na wiki nzima Taratibu alikuja "kuangalia lori". Alikaa juu ya dumu tupu na kumwangalia fundi.

"Hiyo rangi ya kucha unampaka nani?" aliuliza siku moja, alipomwona ameshika kichupa chekundu chini ya gari.

"Bolti. Hizi nane za kifuniko cha nyuma cha giaboksi, matundu yake yametoboka hadi ndani kwenye oili. Ukifunga bolti kavu, oili inapanda kwenye meno yake na kutoka nje. Kwa hiyo naipaka silikoni, naikaza, halafu naweka doa jekundu kichwani. Baba akiona doa langu, hakagui tena."

"Kwa hiyo lori la mjomba litatembea limepaka kucha?"

"Litapendeza kuliko dereva wake."

Penzi lilianzia hapo, katikati ya harufu ya dizeli, na kama kuna waliolianzia pazuri zaidi, hongera zao.

Ijumaa mchana Kucha alikuwa chini ya lori, amebakiza bolti moja, simu iko kifuani. Ikaita.

"Umekula, mpenzi?"

"Nina bolti mkononi."

"Nimeulizia tumbo, sijaulizia mkono."

"Taratibu, niache nifanye kazi!" Lakini alikuwa anacheka.

"Mjomba kaniuliza kwa nini siku hizi napiga pasi ndiyo niende gereji."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia nimeshampata."

Kucha alitabasamu chini ya lori. Mkono wake ukatia bolti ya nane kwenye tundu, ukaikaza, ukaipaka rangi nyekundu, na akili yake yote ilikuwa kwenye ile sauti. Mengine aliyafanya sawasawa. Alisimamisha lori mahali tambarare, akajaza oili mpaka ikatiririka kwenye mdomo wa tundu la ubavuni, akafunga. Akawasha injini, akapitisha gia zote, akazima na kupima tena. Bolti ile ilibaki kavu, imevaa doa lake.

Siku ya nne baada ya lori kutoka gereji, simu iliita tena.

"Kucha, nipo mlimani. Gia zimegoma, moshi unatoka chini."

Lori lilirudi likivutwa. Upande wote wa nyuma ulikuwa umelowa oili na vumbi, mtu asingejua imeanzia wapi. Mjomba alisimama mikono nyuma.

"Giaboksi imekauka. Dereva gani hachungulii chini ya gari asubuhi?"

"Bolti zote zina doa la binti yangu," alisema baba, kwa sauti ya kusikika gereji nzima. "Doa la binti yangu halijawahi kuvuja. Huyu kagonga jiwe."

"Lete funguo," mjomba akamwambia Taratibu.

Taratibu alizitoa mfukoni, akamkabidhi. Alimtazama Kucha, na Kucha akaitazama spana.

Walipoondoka, aliifungua bolti ya nane. Meno yake yalikuwa matupu, bila hata chembe ya silikoni. Akaitia mfuko wa koti.

Siku kumi na moja aliibeba. Alipotaka kusema, alisikia sauti ya baba yake ikimsifu mbele ya watu, akanyamaza. Taratibu alipopiga simu, aliiangalia ikiita mpaka ikakoma. Ujumbe ukaja: "Na wewe unaamini sikuchungulia?" Hakuujibu. Alimpenda yule mtu na alikuwa anamwacha azame na kosa lisilo lake. Alijichukia hadi chakula kikamshinda. Siku ya kumi na mbili alifuta rangi kwenye kucha zote.

"Mbona vidole vitupu?" baba akauliza.

"Baba, bolti ya nane nilitia doa bila silikoni."

Baba alikaa juu ya dumu lile lile. "Na mimi nikamsema mtoto wa watu."

"Najua. Nisamehe, baba."

"Usiniombe mimi. Vaa viatu twende."

Walimkuta mjomba sebuleni anakunywa chai, na Taratibu anaosha vyombo. Kucha akaweka bolti mezani.

"Mjomba, kosa ni langu. Nilikuwa naongea na simu, nikaifunga kavu. Nimejua tangu siku ile, nikanyamaza."

Mjomba aliigeuza bolti. Kisha akamgeukia mpwa wake. "Na wewe mbona hukujitetea?"

Taratibu alijifuta mikono polepole. "Asubuhi ile nilichungulia, mjomba. Niliona tone. Nikalifukia na mchanga kwa kiatu. Nilijua ukiliona utamgombeza. Nikasema nitamwambia mwenyewe nikirudi."

"Uliona ukaondoka na gari?" Kucha alishtuka. "Ungeumia!"

"Bolti nimekusamehe," Taratibu akasema, akikwepa macho yake. "Lakini simu zangu hukupokea. Nilikuwa nakaa hapa nikijiona mjinga peke yangu."

Akarudi kwenye vyombo. Kucha alilia mbele ya wazee bila kujificha.

Mjomba alikohoa. "Wote wawili mngekuwa wadogo, ningewachapa. Giaboksi ifungwe upya, na aifunge huyu huyu. Ikitembea, mpwa wangu atapata funguo zake."

"Na mimi nitakagua kila bolti," alisema baba. "Yenye doa na isiyo na doa."

Ikafungwa upya. Siku ya kujaza oili simu iliita kwenye sanduku la spana, ikaita tena, ikaita mara ya tatu. Kucha hakuigusa. Alingoja oili itiririke, akafunga tundu, akawasha injini, akapitisha gia zote, akazima na kupima. Kisha akanawa mikono na kupiga.

"Mbona hupokei?" Sauti ya Taratibu ilikuwa bado na ukali kidogo.

"Nilikuwa na bolti mkononi."

"Zote nane?"

"Zote. Baba kakagua." Akavuta pumzi. "Niliona aibu, nikakuacha ubebe peke yako. Nisamehe."

"Bado inauma, Kucha."

"Najua."

"Ukikosea tena, utaniambia?"

"Siku hiyo hiyo. Na wewe ukiona tone?"

"Nitapiga kelele majirani watoke." Kisha sauti ikalainika. "Mjomba anataka kuja kumwona baba yako. Si mambo ya lori."

Kucha akaligeukia lori.

"Subiri," akasema.

Aliacha simu juu ya sanduku, akaingia tena chini ya lori, akapitisha kidole chini ya bolti ya nane. Akakitoa, akakitazama kwenye mwanga. Kilikuwa kikavu.

"Aje kesho," akamwambia.