Namba Sita ya Kalunde

Siku ya soko mjini Machakos, anayetaka nguo nzuri ya mitumba hufika mapema, na huja na viwiko. Kalunde alikuwa navyo. Jumatatu hiyo ya Februari alikuwa amevaa sketi ya kijani ya marinda iliyomfika vifundoni, shati jeupe la kiume alilolifunga fundo kiunoni, na raba nyeupe ambazo alizisugua kwa mswaki kila Jumapili baada ya kanisa. Alikuwa ameiba nusu saa kazini. Alipoliona koti refu la mahameli, jekundu la kukolea, juu ya rundo, alipenyeza mkono kati ya akina mama wawili akakamata mkono wa kushoto wa koti. Mkono wa kulia ulikuwa umekwisha kukamatwa.

Aliyeukamata alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye tepu ya kupimia shingoni na vipande vya uzi kwenye nywele. Jina lake Ndolo, fundi cherehani, mzaliwa wa Kola.

"Dada, hii nilikuwa nimeiona kwanza."

"Na mimi nimeishika. Kwani ni ya kuvaa?"

"Ni ya kukata."

Kalunde nusura aliachie kwa mshtuko. Ndolo hakuwa na haraka. Alimweleza kwamba anashonea kikundi cha maigizo, kwamba katika mchezo wao kuna chifu wa zamani za wakoloni, na kwamba hakuna chifu anayeweza kutisha watu akiwa na koti linaloonekana la kuazima. Huku akieleza aligeuza koti ndani nje, bitana ikatokea, hariri ya dhahabu iliyochakaa kwenye makwapa. Huku ndani, alisema, ndiko kutakuwa nje ya koti la chifu. Kalunde aliitazama bitana, akavitazama vidole vya yule kijana vilivyokuwa vikiipapasa, akauachilia mkono wa koti. Alimpa sharti moja tu: kiti cha mbele siku ya mchezo.

"Na usipopenda?"

"Nisipopenda nitasema mbele ya watu. Kwani hunijui?"

Hakumjua. Hilo lilimfurahisha Kalunde kuliko alivyotaka kukiri.

Kwa ambao nao hawamjui, niseme. Kalunde aliuza katika duka la dawa za mifugo na vyakula vya kuku la Mama Waithira, karibu na stendi, na hakuna binti aliyewahi kusimama kati ya magunia ya chakula cha kuku akiwa amependeza vile. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, Mama Waithira akishaenda kula chakula cha mchana, Kalunde aliegemeza simu kwenye kopo la dawa ya kupe akarekodi dakika tatu alizoziita Vitano vya Kalunde: mavazi mawili yaliyomvutia mwezi huo, mchezo mmoja wa jukwaani, na vipindi viwili vya runinga. Basi. Hakusengenya, hakuponda, alisifu tu, lakini alisifu kwa macho makali. Aliweza kukuambia ni kwa nini kitambaa cha kichwa cha mama mkwe katika tamthilia ya Jumatano kilikuwa kinasema uongo kabla mama mkwe mwenyewe hajafungua mdomo. Watu walimwamini. Mkulima angekuja kutoka Katangi kununua dawa ya minyoo, aulize pia mke wake atazame nini wiki hiyo.

Na alikuwa na sheria moja. Mwaka uliopita alikuwa ameisifu saluni ya binamu yake Kamanthe, na juma hilohilo mteja mmoja akatoka mle na nywele zimenyonyoka nusu kichwa. Mji ulicheka mwezi mzima. Tangu siku hiyo Kalunde aliapa kwamba mtu wake hataingia katika vitano vyake, awe ndugu, awe rafiki, awe nani. Sheria hiyo hakumwambia mtu. Aliona haina haja ya kusemwa.

Mwezi Machi alikaa kiti cha mbele. Chifu alipoingia na lile koti, bitana nje, mahameli yamebaki kwenye kola na kwenye mikono tu, mzee mmoja nyuma ya Kalunde akavua kofia bila kujua. Ijumaa ya mwisho koti la chifu lilikuwa namba moja, na fundi wake akatajwa kwa jina. Wakati huo Ndolo hakuwa wa Kalunde. Alikuwa fundi tu, mwenye namba ya simu yake.

Namba hiyo ilifanya kazi. Aprili walikuwa wakinywa chai pamoja nyuma ya soko. Mei Ndolo alikuwa akimwita mwendwa, yaani mpenzi. Jumatano jioni, yeye akiwa chumbani kwake na Ndolo kwenye kibanda chake cha ushonaji, walitazama tamthilia moja huku simu iko sikioni.

"Huyo tajiri," Ndolo angesema, "shati yake imetolewa kwa karatasi leo. Ona mikunjo."

"Wewe, sikiza maneno. Anamwacha bibi yake."

"Nasikiza. Lakini mtu hawezi kuacha bibi na shati mpya hivyo, mwendwa. Hiyo ni shati ya kuenda kuoa."

Na kweli, wiki iliyofuata tajiri akaoa. Kesho yake dukani Kalunde alicheka mpaka Mama Waithira akamuuliza ana nini. Alikuwa na mapenzi, na alikuwa na mtu ambaye macho yake yaliona anachokiona yeye. Kati ya hayo mawili sijui lipi ni adimu zaidi.

Julai kikundi kilipata mchezo mpya, hadithi ya mjane anayekataa kurithiwa. Bajeti ya mavazi haikuwepo. Ndolo alimwomba Kalunde magunia matupu ya chakula cha kuku, yale ya nyuzi, naye akampa kumi na moja. Siku ya mchezo mjane alitoka na gauni ambalo sijui nilieleze vipi. Magunia yalikuwa yamelowekwa, yakapondwa, yakalainika, yakatiwa rangi ya udongo wa Kola. Kiuno kilibana, sketi ikafunguka chini, na pindoni kulikuwa na ushonaji wa uzi wa mkonge, safu baada ya safu, namna akina mama wanavyosuka vikapu vya kyondo. Mjane alipogeuka, maandishi ya gunia yalionekana kidogo ndani ya pindo. Ndolo alikuwa ameyaacha makusudi. Kalunde alilia waziwazi. Walipotoka alimnong'oneza Ndolo kwamba hajaona nguo nzuri kuliko ile, jukwaani wala kwenye runinga wala dukani, na alikuwa anasema kweli.

Kisha Ijumaa ya mwisho ikafika.

Kikundi kizima kilikusanyika kibandani kwa Ndolo kutazama video kwenye simu ya Wanjugu, mwelekezi wao. Ndolo alikuwa na sababu yake. Rafiki alikuwa amemtafutia kazi katika kiwanda kimoja cha nguo huko Mavoko, mshahara wa kila mwezi, nao walitaka jibu kabla ya Jumatatu. Alikuwa amemwambia Wanjugu kwamba atasikia kwanza Kalunde atasema nini. Kama kazi yake ni nzuri kwa macho yale, atabaki na jukwaa, njaa au shibe. Kama si nzuri, atakwenda.

Namba moja ilikuwa viatu vya ngozi vya fundi mmoja wa Mitaboni. Namba mbili, blauzi ya mtangazaji wa runinga. Mchezo wa mwezi ulikuwa wa wasichana wa sekondari. Vipindi viwili vikafuata, na Kalunde akaaga kwa tabasamu. Gauni la magunia halikutajwa. Wanjugu akarudisha simu mfukoni polepole.

Jioni hiyo Ndolo alipiga simu.

"Nimeona vitano."

"Umeonaje ile blauzi? Mabega yake?"

"Kalunde, na ile gauni?"

"Ile nilikuambia. Si nilikuambia?"

"Uliniambia kwa masikio. Kwa masikio unanisifu, mbele ya watu hunijui. Sawa. Nimeelewa."

Simu ikakatika. Kalunde alidhani ni mtandao. Alipopiga tena haikushikwa, na Jumatatu alipopita kibandani alikuta kufuli.

Wiki tatu alikasirika. Alijiambia kwamba mwanamume anayeondoka bila kuaga hafai kukumbukwa, akavaa vizuri zaidi kuliko kawaida, akauza dawa ya kupe kwa ukali. Jumatano alitazama tamthilia peke yake, hakuona kola hata moja. Alimkosa, basi. Alimkosa sana.

Wanjugu ndiye aliyemfungua macho, alipokuja kununua chakula cha vifaranga vyake. Alimweleza yote: kazi ya Mavoko, watu kibandani, jibu lililosubiri video. Sasa Ndolo alikuwa akishona mifuko ya kushoto ya suruali, asubuhi hadi jioni, mifuko ya kushoto tu.

"Mimi pia nilikuona vibaya," Wanjugu alisema. "Nilifikiri unamwonea haya fundi wa magunia."

Kalunde aliketi juu ya gunia. Alimweleza sheria yake, na kadiri alivyoieleza ndivyo ilivyozidi kumfanya ajione mjinga. Alikuwa amemtoa Ndolo kwenye orodha kwa sababu ni wake, na Ndolo akajiona ametolewa kwa sababu si wake. Shida ni kwamba sheria bado ilikuwa ya kweli. Akimsifu mpenzi wake, nani atamwamini tena? Jina lake lote lilikuwa limesimama juu ya hilo. Mama Waithira, aliyekuwa akijifanya anahesabu chupa, akasema bila kugeuka, "Kalu, hiyo jina utaivaa ukienda wapi?"

Wanjugu alileta gauni la mjane siku ya tatu, kama Kalunde alivyomwomba.

Ijumaa ya mwisho wa Agosti, Kalunde aliegemeza simu kwenye kopo lilelile. Alikuwa amevaa gauni la magunia, nywele amezibana nyuma, bila hereni, kwa kuwa gauni lile halikutaka msaada. Alisema vitano vyake kama kawaida. Kisha hakuaga.

"Leo kuna namba sita," alisema. "Namba sita haihesabiki, na msiniamini, kwa sababu aliyeshona ni mtu wangu. Nilimnyamazia mwezi jana ndio mniamini. Nilikosea. Huu uzi ni mkonge, ameshona na mkono. Angalieni hapa ndani." Aliinua pindo, maandishi ya chakula cha kuku yakaonekana. "Ameacha hii ndio mjane asisahau ametoka wapi. Mimi nimetazama nguo maisha yangu yote na singefikiria hiyo. Anaitwa Ndolo. Nampenda, na hii ndio nguo nzuri zaidi nimewahi kuona. Mkitaka kuacha kuniamini, anzieni hapo."

Simu haikuchukua saa moja kulia.

"Umejiharibia kazi," Ndolo alisema. Nyuma yake mashine zilikuwa zinanguruma.

"Najua."

"Watu watasema ulihongwa na mapenzi."

"Si ni ukweli? Rudi nyumbani, Ndolo. Nimechoka kutazama mashati peke yangu."

Kalunde alisikia mashine moja ikizimwa.

Jumamosi ya wiki iliyofuata duka lilikuwa limejaa. Ndolo aliingia na tepu shingoni, akapanga foleni pamoja na wakulima, wala hakutaka kupishwa, ingawa mama mmoja aliyeona video alikisia kwa tepu kuwa ndiye Ndolo, akamsukuma mbele. Alipofika kaunta alisalimu kwa heshima, kama mteja yeyote.

"Nauliza dawa ya minyoo. Ya mbuzi."

Kalunde alikuwa mfanyakazi mzuri. "Mbuzi ngapi?"

"Tatu."

"Za kufuga?"

"Za kupeleka Mitaboni. Kwenu."

Pale hakuna asiyejua maana ya mbuzi watatu. Ndio wa ntheo, ambao bila wao Mkamba hajaposa hata awe na pete ngapi, na mmoja wao huchinjwa na kuliwa siku hiyohiyo na jamaa wa pande zote mbili. Mama Waithira aliweka chini daftari lake.

Kalunde alichukua chupa rafuni. Maagizo yake aliyajua kwa moyo, lakini aliigeuza akayasoma neno kwa neno, kwa sababu macho yake yalikuwa yamejaa machozi na alitaka mahali pa kuyaweka.

"Ukiwapa leo," alisema, "nyama haifai kuliwa mpaka wiki mbili ziishe."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo wape leo, usichelewe. Na uambie baba yako mje Jumamosi, hiyo ya wiki mbili."