Vikombe Vilivyojaa

Jichopenya lilikoroma, na ukutani ukajitandaza utando wa seli ya ubongo, mpana kama shuka, ukitikisika kama mafuta juu ya mchuzi. Mashine hiyo huvaliwa kama kofia, na kuona ndani ya mtu aliye hai bila kumchanja. Leo alivishwa Idrisa, fundi wa vioo katika shamba la jua la Manyoni, aliyeanguka kazini alasiri hiyo. Aliyeiwasha ni dada yake, Dakta Mwajabu Ntandu, mtungaji wa dawa ya Tulizakiu.

Midomo ya Idrisa ilikuwa imepasuka, na bado anacheka.

"Dada, mbona unanitolea macho? Siumwi. Hata kiu sina."

"Hilo ndilo linalonitisha, mjinga wewe."

Utando wa seli una vilango. Mwili ukikauka, vilango vya kiu huupelekea ubongo habari. Mwajabu aliitunga dawa ivishike vilango hivyo kwa muda mfupi tu, ili wagonjwa waliokatazwa maji kabla ya upasuaji wasiteseke, kisha iachie yenyewe. Lakini chembe hizi za dawa hazikuachia. Zilikuwa zimeongezwa mkia, na mkia umejichimbia kwenye mafuta ya utando kama kupe.

Akamgeukia Mashauri, Mkurugenzi wa shamba hilo, aliyesimama mlangoni.

"Nani kaiongezea mkia dawa yangu?"

"Kampuni. Mafundi walikuwa wanashuka ovyo toka kwenye vioo kufuata maji; tangu tuwape dawa hawashuki. Na mwezi huu wamefunga, tumewarahisishia. Hakuna hata mmoja aliyelalamika."

"Alalamike kwa lipi? Mungu kamwekea mja kiu imwambie anakauka, ninyi mmeiziba mdomo! Na saumu isiyo na kiu ni saumu gani? Hata hiyo mmewaibia!"

"Punguza jazba, Dakta. Jina lililo kwenye dawa ni lako."

Neno hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Akamtundikia Idrisa dripu, akamwachia muuguzi, akatoka mbio hadi msikiti wa kota za mafundi.

Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha. Mafundi walikaa mikekani wakipiga soga, kokwa za tende mbele yao. Vikombe vya maji vimejaa pomoni, safu nzima, hakuna aliyegusa.

Mwajabu akaomba kipaza sauti. Muadhini akasita.

"Mwanamke, binti yangu? Humu?"

"Shehe, ukininyima leo, kesho utakitumia kutangaza misiba."

Mzee akakitazama kile kipaza sauti, akavitazama vikombe, akampa.

"Kunyweni! Msingoje kiu, haiji. Imefungiwa ndani yenu, na walioifunga nawajua, mimi nikiwamo. Nitawataja wote. Lakini kunyweni kwanza!"

Wanaume wakatazamana. Mmoja akainua kikombe, akakinusa, akafumba macho, akameza kwa kujilazimisha, kama mtoto anayenyweshwa dawa.