Bibi Meng Si Mkiwa

Stesheni ya treni ya Guiyang, China, ilikuwa imefurika pale Qiuyan aliposukumwa, gunia lake likapasuka na pilipili kavu zikamwagika sakafuni. Abiria wakapiga chafya hadi foleni ikavunjika. Kijana mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri, simu yake imefungwa kwenye kijiti, akainama kumsaidia.

"Dada, hii silaha au kiungo?"

"Pilipili usiyoila yakuwashiani?"

"Inaniwasha kwa sababu maelfu wanatazama." Akamgeuzia simu. Watu walikuwa wakiuliza bei.

Kijana huyo, Zhaolin, aliuza bidhaa mubashara mtandaoni. Qiuyan hakuwa na tabia ya kuomba wanaume namba, ila siku hiyo aliomba. Madalali walinunua pilipili za kijiji chao, Shiwan, kwa bei ya kutupa, ndiyo maana mama yake alikuwa akishona viatu kiwandani katika mji wa mbali wa Dongguan tangu yeye akiwa mtoto. Zikiuzwa kwa simu, mama angerudi. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani, na baada ya muda akamtaka na Zhaolin.

"Umekula, pilipili yangu?" Zhaolin angeuliza kila jioni.

"Nimekula. Na usiniite hivyo mbele za watu."

"Nikuiteje basi?"

"Hivyo hivyo, ila polepole."

Zhaolin alipokwenda Shiwan, alimrekodi Bibi Meng, bibi yake Qiuyan, akichambua pilipili akiwa amevaa koti la viraka. Shiwan hakuna anayegusa pilipili akiwa amevaa koti zuri. Zhaolin akaongeza muziki wa majonzi, machozi yake mwenyewe, na maneno: "Bibi huyu hana mtu duniani." Oda zikanyesha.

Mama akapiga simu kutoka Dongguan. "Wenzangu wa bwenini wananionyesha mama yangu, eti hana mtu! Miaka yote hii namshonea nani, Qiuyan?"

Qiuyan akampigia Zhaolin. "Futa video. Na oda zote futa."

"Mpenzi, si ndicho ulichotaka?"

"Nilitaka mama arudi, si aonekane amekufa! Usinipigie tena."

Wiki haikuisha, Zhaolin akatokea kijijini, video kashaifuta, shati limejikunja. Bibi hakumgombeza. Alivaa koti lake jekundu la hariri, akachana nywele, akaweka bakuli la pilipili mbele ya simu.

"Ulilia bila kuonja," alisema. "Sasa onja, ndio ulie."

Zhaolin akarusha mubashara. "Nilidanganya. Bibi ana mwana, ana mjukuu, na ana ulimi. Anauza pilipili, hauzi shida." Akala. Machozi na kamasi vikamtoka pamoja. Qiuyan alikuwa amepania kununa, kicheko kikamponyoka. Safari hii oda hazikunyesha. Zilidondoka moja moja, lakini hazikukoma.

Katikati ya maoni ya watazamaji Qiuyan akaona jina la mama yake, akasoma kwa sauti: "Huyo kijana anaoa au anakula tu?"

"Naoa, mama!" Zhaolin alisema, midomo imevimba. "Akinikubali."

"Maliza bakuli kwanza," alisema Qiuyan. Akalimaliza.

Majira ya baridi yalipoingia, oda zikiwa bado zinadondoka, mama alipiga. "Nimekata tiketi ya treni."

"Ya sikukuu ya mwaka mpya, mama?"

"Ya kuja. Ya kurudi huku sikukata."

Qiuyan akalia waziwazi. Bibi Meng akavua koti la hariri alilovaa kila waliporusha mubashara, akalitundika taratibu, akavaa lile la viraka.

"Haya, njooni tuchambue," alisema. "Watu wanasubiri mizigo yao."